Maua ya Bi Harusi Yaanze Uani kwa Mama



Alhamdulillah, Idd imepita na harusi zimeanza kufuatana. Sisi tunaoshona nguo za harusi hapa Arusha tunaujua msimu huu kwa simu. Bi harusi au somo wake anapiga kutoka Unguja kuulizia nguo, na kabla hajakata anaongeza, "Na maua mtuletee, huko kwenu si ndiko yanakotoka?" Ni kweli, yanatoka huku. Lakini leo tunataka kusema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wenye maduka ya kupamba: tumezoea kununua maua ya harusi wakati tungeweza kuyarithi. Tunaona hili ni hasara, na inayobeba hasara yenyewe ni mwanamke.

Hatusemi watu wasipambe. Harusi bila maua haijatulia machoni mwa mtu wa pwani. Tuna asumini, tuna kilua, tuna mlangilangi, mkadi na rehani, na kikuba kimekuwa kikinukia vifuani mwa mama zetu tangu zamani. Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kwamba mtu akipewa rehani asiikatae, kwa sababu ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Kwa hiyo kupenda maua hakuna ubaya wowote. Tunachouliza ni kwa nini maua ya siku moja yamuache mama wa bi harusi na deni la miezi sita.

Mlima wa maua, jukwaa la plastiki

Kwa wasioijua Arusha, mji huu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500. Meru ni mlima wa volkano, na mlipuko wake wa mwisho, mdogo, ulikuwa mwaka 1910. Udongo wake ni mweusi, mwepesi kwa jembe, unapitisha maji bila kukauka upesi. Masika yananyesha kuanzia Machi mpaka Mei, vuli Novemba na Desemba, na katikati ya mwaka kuna baridi na ukungu ambao mgeni kutoka pwani huomba sweta siku ya kwanza tu.

Ndiyo maana mashamba makubwa ya maua yalikuja kuota upande wa Tengeru na Usa River. Waridi hukatwa asubuhi, huwekwa kwenye chumba cha baridi, hupakiwa ndege na kwenda kuuzwa Ulaya, hasa kupitia Uholanzi. Wapo pia wakulima wadogo, wengi wao wanawake, wanaolima mbegu za maua kwa mkataba ili zipelekwe nje. Wanajua kuzikausha, kuzipepeta na kuzichagua.

Sasa angalia ajabu. Mwanamke anayejua kutunza mbegu za maua ya bustani za watu wa mbali, binti yake akiolewa, jukwaa linapambwa kwa maua ya plastiki yaliyokodiwa, au kwa waridi la kununua linalonyauka kabla wageni hawajamaliza pilau. Na nyuma ya nyumba yake yapo maua yanayotoka yenyewe kila mwaka, ambayo hakuna aliyemuomba.

Tunazungumzia maua ya vitunguu. Tunayaita hivyo kwa sababu shina lake limejificha ardhini, limeviringika kama kitunguu maji. Kuna amarilisi, ile lili kubwa nyekundu au ya rangi ya chungwa yenye maua kama tarumbeta. Kuna lili ndogo za mvua, nyeupe na waridi, zinazochanua siku chache baada ya mvua kupiga ardhi kavu. Kuna gladiola, na kuna tuberozi nyeupe inayonukia usiku, ambayo Wahindi huitunga mashada ya harusi. Na kuna ile yetu wenyewe ya Afrika, isiyoletwa na mtu, inayotoka ardhini mvua zinapoanza ikiwa mpira mzima mwekundu wa nyuzi nyuzi. Dalia, agapanthasi ya buluu na kalla nyeupe ya kando ya mfereji si vitunguu hasa, mizizi yao ni kama viazi au tangawizi, lakini hutunzwa na kugawanywa kwa namna inayokaribiana.

Kitu kinachotupwa bila kuhesabiwa

Kinachotusukuma kuandika ni kinachotokea sasa katika viwanja vya zamani vya mji huu. Kiwanja kilichokuwa na nyumba moja, migomba kidogo na ua wa maua, leo kinajengwa vyumba vya kupanga na fremu za maduka. Hatuwalaumu wenye viwanja, maisha yamepanda. Lakini tazama inavyofanyika. Bibi amefariki, mirathi imegawanywa, vimehesabiwa vitanda, makabati, mpaka sufuria za shughuli. Kisha fundi anaingia na sepetu kuchimba msingi, na vitunguu vya maua alivyovitunza marehemu kwa miaka thelathini vinakwenda jalalani pamoja na kifusi. Hakuna aliyevihesabu kwa sababu siku hiyo havikuwa na maua juu. Vilikuwa vimelala.

Vitunguu hivyo ni mali. Bibi mmoja akianza na vitatu, baada ya miaka kadhaa ana shada zima lililobanana, kwa sababu kila kitunguu huzaa watoto ubavuni. Vikibanana sana maua hupungua, na watu hudhani mmea umezeeka. Haujazeeka, unahitaji kugawanywa. Bustani iliyokaa miaka mingi bila kuguswa inaweza kutoa vitunguu vya kutosha nyumba kumi, na yenyewe ikachanua vizuri zaidi mwaka unaofuata.

Kwa hiyo rai yetu ya kwanza ni hii. Bi harusi akiondoka kwa mama yake, katika begi lake la kanga, vyombo na udi, kiwemo kikapu cha vitunguu vya maua vilivyochimbwa uani kwao. Somo anayemfunda aliweke hilo kwenye orodha yake. Si kitu kizito wala cha kudaiwa. Atavipanda kwenye nyumba yake, na kila vikichanua atamkumbuka mama na kumuombea dua.

Na wale wanaotaka kuanza na mbegu

Kuna dada wengi hawana mama mwenye bustani, au wamehamia mjini wakianza na chumba kimoja. Hao wanaweza kuanza na mbegu, na hapa ndipo tunapotaka kuwa wakweli kuhusu muda.

Amarilisi ikimaliza kuchanua, kama ua lilipata chavua, nyuma yake hutokea tunda la kijani lenye vyumba vitatu. Unaweza kulisaidia mwenyewe kwa kuchukua unga wa njano wa ua moja na kuupaka kwenye ncha ya kinyuzi cha katikati cha ua la mmea mwingine. Baada ya wiki tano au sita tunda linakuwa la njano na kupasuka, na ndani mna mbegu nyeusi, bapa, nyepesi kama vipande vya karatasi iliyoungua. Zipande mapema, kwa sababu zikikaa miezi mingi nguvu hupungua. Njia rahisi ni kuzieleza juu ya maji katika bakuli, penye mwanga lakini si jua kali. Baada ya wiki mbili hivi utaona kizizi cheupe. Ndipo unazihamishia kwenye udongo wenye mchanga kidogo na mboji iliyooza sawasawa. Samadi mbichi usitie, itaunguza.

Kitakachoota kitafanana na jani moja la kitunguu. Usikikatie tamaa. Miaka miwili ya mwanzo mwagilia kwa kiasi bila kuacha udongo ukauke kabisa, ili kitunguu kinenepe. Ua la kwanza litakuja mwaka wa tatu au wa nne. Na jua kwamba mmea wa mbegu haufanani kabisa na mama yake. Mmoja utakuja mwekundu, mwingine una mistari, mwingine umepauka. Anayetaka ua lile lile la mama yake agawanye kitunguu. Anayetaka zawadi ambayo Mwenyezi Mungu peke Yake anaijua rangi yake, apande mbegu.

Asiyeweza kungoja miaka mitatu aanze na lili ndogo za mvua. Mbegu zake nazo ni nyeusi na bapa, zikioteshwa zingali mbichi huota kwa urahisi, na katika mwaka mmoja au miwili unaweza kuona maua hata kwenye kopo dirishani.

Tunajua bi harusi atasema: harusi yangu ni baada ya miezi mitatu, mnaniambia habari za miaka minne? Tunamjibu hivi. Kwa harusi yako, omba vitunguu vilivyokomaa kwa shangazi, kwa jirani, au nunua kwa wauza miche pembeni mwa barabara. Kitunguu kilichonenepa na kupumzika kinaweza kuchanua wiki chache baada ya kupandwa na kumwagiliwa. Mbegu utakazopanda leo ni za harusi ya mdogo wako. Na mama mwenye binti anayeanza kidato cha kwanza mwaka huu, akipanda mbegu sasa, binti akimaliza kidato cha nne maua yapo. Muda huo utapita vyovyote vile, tupande au tusipande.

Subira iliyoandikwa kwenye dini yetu

Katika Surat Al-Waqi'a Mwenyezi Mungu anatuuliza kuhusu kile tunachokipanda, kama ni sisi tunaokiotesha au ni Yeye. Katika Surat Al-An'am anajieleza kuwa ndiye mpasuaji wa mbegu na kokwa. Aliyewahi kukaa wiki mbili akiangalia bakuli la mbegu zinazoelea anaielewa aya hiyo kwa macho. Huwezi kuilazimisha mbegu. Unaweka maji, unaweka mwanga, kisha unangoja.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Amarilisi haliwi na mtu, lakini nyuki anakula, na vile vindege vya chozi vinavyofyonza maua vinakula. Yapo pia mafundisho kwamba hata Kiama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, kama anaweza aupande. Kwa hiyo miaka mitatu isitutishe.

Na tukumbushane jambo la mahari. Katika kisa mashuhuri cha mke wa sahaba Thabit bin Qays, mahari aliyokuwa amepewa yule bibi ilikuwa ni bustani. Ilikuwa mali yake, ndiyo maana alipotaka kuachana na mumewe kwa khului aliirudisha yeye. Wasichana wetu leo wanafundishwa kutaja mahari ya simu, makochi na runinga, vitu ambavyo baada ya miaka mitano ni takataka. Binti akisema mahari yangu iwe kipande cha ardhi hata kidogo chenye jina langu, wazee wasimcheke. Ametaja kitu ambacho kimewahi kuwa mahari Madina.

Wala tusidhani kupenda maua ya vitunguu ni mambo ya wazungu. Ulaya walilipata ua la tulipu kutoka kwa Waturuki wa dola ya Uthmaniya. Waturuki wanaliita lale, na kwa hati ya Kiarabu herufi zake ni zile zile za jina la Allah, kwa hiyo wakaliheshimu na kulichora kwenye vigae vya misikiti. Msikiti wa Rüstem Pasha kule Istanbul, wa karne ya 16, umejaa vigae vya maua hayo. Uholanzi walipolipata walilifanya biashara ya kukisia, bei ikapanda mpaka watu wakakopa ili kununua kitunguu kimoja, na Februari 1637 bei ikaporomoka. Ua ni lile lile. Waislamu walilipeleka msikitini, na wengine wakalifanya deni. Sisi siku hizi tunafuata wapi?

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaotuambia: kiwanja ni kidogo, afadhali mchicha. Ni neno la busara na hatulipuuzi. Lakini vitunguu vya maua havigombani na mboga. Vinakaa kando ya ukuta, chini ya ua, pembeni mwa njia ya kuingilia, na miezi ya kiangazi vinalala bila kudai maji. Na mwenye vingi anaweza kuuza. Shina la ua lililokatwa asubuhi likiwa bado limefumba, likawekwa ndoo ya maji, litafunguka ukumbini siku mbili tatu baadaye. Mpambaji anayelijua hilo hatakuonea bei.

Wapo watakaosema Unguja kuna joto, maua ya Meru hayatakubali. Yapo yatakayokataa kweli. Dalia, kalla na agapanthasi hupenda ubaridi, na tulipu yenyewe hata Arusha haistawi, maana inataka wiki nyingi za baridi kali. Lakini amarilisi, lili za mvua na tuberozi huvumilia joto la pwani. Muhimu kwenye ardhi ya mawe na mchanga ni kuongeza mboji, na kutopanda amarilisi kwa kina. Shingo ya kitunguu ibaki juu ya udongo, la sivyo kitaoza masika. Majani yakitoka madoa mekundu kama kutu, kata jani na uache kulimwagia maji juu.

Kuvisafirisha si kazi. Chimba wakati wa kiangazi mmea ukiwa umepumzika, kata majani, viache kivulini siku kadhaa vikauke ngozi, vifunge kwenye gazeti ndani ya kikapu. Mfuko wa plastiki vitaoza kabla hamjafika Dar es Salaam. Kabla ya kupanda boti ulizeni wakaguzi wa mimea bandarini, ili tusipeleke na wadudu kisiwani.

Tahadhari, na hii tunaisisitiza

Vitunguu hivi vina sumu. Amarilisi ina sumu, na ule mpira mwekundu wa mvua una sumu ambayo zamani Waafrika waliitumia kwenye mishale na kutegea samaki. Mbaya zaidi ni lile ua zuri linalotambaa, jekundu na njano kama ndimi za moto, glorioza. Kiazi chake kinaweza kuua mtu mzima. Msiviweke kamwe jikoni karibu na vitunguu maji, msivikaushe kwenye ungo mmoja na chakula, na mwenye mbuzi au mtoto anayetambaa apande nyuma ya wavu. Anayempa bi harusi kikapu hiki aandike juu yake: MAUA, SI CHAKULA. Mkimaliza kugawanya, nawa mikono kwa sabuni. Na asitokee mtu wa kuwaambia ni dawa ya kienyeji ya jambo lolote la ndoa.

Tunachoomba

Mama mwenye bustani ya zamani, kiangazi kinachokuja chimba shada moja tu, ligawanye, wape mabinti watatu wa mtaa wanaotarajia kuolewa. Hata kama si wanao. Wewe unayeuza kiwanja au kujenga, kabla fundi hajaingia toka na jembe nusu siku. Ulizeni wazee maua yalikuwa upande gani, maana kama ni kiangazi hamtaona kitu juu. Na mjane aliye kwenye eda, ambaye siku zake ni ndefu na nyumba imekuwa kimya, mleteeni bakuli la mbegu. Tumeona kina mama waliopata sababu ya kuamka asubuhi kwa kwenda kutazama kama zimeota.

Bi harusi, jukwaa lako linaweza kuwa na mashina ishirini ya lili kutoka uani kwenu, rehani ya jirani na asumini ya bibi, likapendeza na wala lisidaiwe na mtu. Mwenyezi Mungu ametuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu. Nyumba inayoanza bila deni ina utulivu wake, na sisi tunaopima nguo za maharusi tunasikia mengi kuhusu zile zilizoanza na deni.

Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wote wa msimu huu, awape watoto wema na nyumba zenye rehema, na awarehemu bibi zetu waliotuachia maua bila kutuambia kwamba ni mali. Amin.

Wabillahi tawfiq.